Adabu ya Fundi Mbwana

Saa sita mchana baraza la mji lingefunga kupokea pingamizi la wakazi wa mtaa wa chini, ambao nyumba zao zingebomolewa. Pingamizi lenyewe Msellem alikuwa ameliandika kwenye kompyuta ya nyumbani kwake, na kompyuta ilikuwa imeganda tangu asubuhi.

"Mfumo umeuweka upya mara tatu!" alimfokea fundi Mbwana. "Ukiwepo, inakimbia. Ukitoka tu, inaleta makosa na kuzima. Umesomea nini wewe, kula sambusa?"

Mbwana alikivua kitambaa cha kufuma kilichoifunika kompyuta hadi matundu ya nyuma, akakikunja polepole kama mswala, akaiwasha. Ikakimbia.

Msellem akaligusa bati la kompyuta. Lilikuwa la moto kama kikaango. Akakitazama kitambaa.

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza, mzee. Inakosa hewa. Lakini mama, Bi Saumu, kakifuma kwa mkono wake, kila nikiondoka anakirudisha, na chai ananipa. Ningemwambiaje?"

"Hata soko lilipobomolewa, karani wa baraza alijua hati ya kulibomoa ni ya uongo. Akanyamaza, eti adabu! Mji huu wenye kujua wote wana adabu, ndiyo maana watu wanalala nje."

"Na mimi nipo hapa nasikia," alisema Bi Saumu, mke wa Msellem. "Chapeni hizo karatasi, mtagombana baadaye."

Zilibaki dakika nane kufika saa sita. Mbwana aliipokea karatasi ya kwanza kutoka kwenye printa kwa mikono miwili, ingali na joto. Huko mtaa wa chini, mtu aliwasha tingatinga.