Ombi la Dada wa Jaji

Jaji Eliphalet aliitambua sauti kabla ya uso. Mjane aliyesimama mbele yake mahakamani alikuwa dada yake, aliyekimbilia Kanada na mumewe wakati wa vita vya uhuru wa Marekani kwa kuwa walikuwa upande wa mfalme wa Uingereza.

“Naomba nirudishiwe nyumba ya baba tu,” alisema. “Au unataka nilale kwenye theluji, kaka?”

Sheria ya kuwanyang’anya wasaliti mali aliitunga Eliphalet mwenyewe alipokuwa mbunge, na Bunge zima likamshangilia.

Alivitazama vidole vya dada yake, vyekundu kwa baridi, vikichungulia kwenye glavu zilizotoboka.

“Ombi limekataliwa.”

“Mama angekuwa hai,” dada yake alisema taratibu, “angekutemea mate.”

Akatoka. Eliphalet akaita kesi inayofuata, macho yake yakiwa bado mlangoni.