Jibu la Oresta

Kila asubuhi, mguu wa bandia wa serikali ulimuuliza aliyeuvaa kama maisha yake ni mazuri. Aliyejibu "hapana" siku saba mfululizo alinyang'anywa mguu huo, apewe mtu mwingine atakayenufaika. Oresta, fundi cherehani wa Songea, alijibu "mazuri" kwa miaka tisa. Kisha mumewe, Gaudensi, akafariki.

Oresta akajibu "hapana" siku saba; siku ya nane afisa aliyetumwa kuuchukua mguu alimkuta mkekani na wafiwa wenzake.

"Pole, mama. Sema tu 'mazuri', niondoke zangu."

"Nimezika mume. Uzuri uko wapi?"

"Ni neno tu, mama."

"Sema basi, wifi," dada wa marehemu alimsihi. "Utatembeaje?"

"Nitatambaa. Gaudensi simlilii kwa kificho."

Oresta akafungua mikanda, akauvua mguu na kumkabidhi. Afisa aliupokea lakini hakuondoka.

"Na mimi nimevaa mguu kama huu," alisema kwa sauti ya chini. "Mke wangu alipofariki, nilijibu 'mazuri'."

Oresta akamsogezea nafasi. "Basi kaa hapa, baba, umlilie."

Afisa alitazama barabarani kuona kama kuna anayemwangalia, kisha akainama na kuanza kuvua viatu.