Jiwe Linalopanda

"Jiwe linapanda!" Fanuel alipiga kelele mpaka ndege wakaruka. "Yawa! Linapanda lenyewe, bila miguu!"

Joash alikodoa macho. Jiwe lile lile, kando ya maporomoko ya Mto Kuja, lilikuwa limetulia kama ng'ombe aliyeshiba. Kilichosogea ni moyo wake tu, nao ulikuwa unashuka.

Baba yake Orpah alikuwa amechoka. Tangu Krismasi wageni wa posa walikuwa wakipishana mlangoni, leo wa Fanuel, kesho wa Joash, na kuku wa nyumba ile walikuwa wanaelekea kuisha. "Kabla jua halijazama nataka jina moja," mzee alisema. Basi Orpah akawaleta wachumba wote wawili mtoni, kila mmoja ndani ya shati lake la kanisani.

Masharti yalikuwa mepesi. Watazame maji yanayoanguka kwa dakika moja bila kugeuza shingo, kisha watazame jiwe na kusema limefanya nini. Orpah mwenyewe alisimama ukingoni, akihangaika na kitambaa chake chekundu cha kichwani kwa sababu ya upepo. Saa mpya ya Fanuel, ile ya kubonyeza, ikalia dakika ilipotimia.

Joash alijua jawabu. Alizaliwa ng'ambo ya pili, na huko hata wachunga mbuzi wanajua kwamba ukiyakazia macho maji yale, jiwe hupanda. Neno moja tu, na Orpah ni wake!

"Na wewe, Joash?" Orpah akauliza.

Joash alilitazama jiwe mara nyingine.

"Langu halijapanda," akasema, akajilaani hapo hapo. "Limekaa tu."

Fanuel alicheka hadi akaketi chini kwenye tope, na shati lake jeupe. Alikuwa ameshaanza kutaja rangi za ng'ombe wa mahari. "Omera, ndugu yangu, pole sana! Utakula harusini, usijali."

Orpah naye alikuwa akibana kicheko. "Fanuel, nimefunga kitambaa mara ngapi?"

"Kitambaa gani?"

"Joash?"

"Mara tatu," Joash akajibu kwa huzuni, bado akilitazama lile jiwe lisilo na huruma. "Ile ya pili fundo lilikataa."

"Basi twende," akasema Orpah, akimshika mkono. "Baba anasubiri jina lako."