Ringi za Inchi Kumi na Saba

Krrr! Tairi lilisikika likikwaruza bati la gari dogo la Hilali lilipopinda kulia, likaingia uani na ringi mpya kubwa zinazong'aa.

"Umekivisha kibiriti viatu vya baba yake!" mjomba wake akacheka. "Rudisha za zamani. Bibi harusi atapanda gari la wakwe."

"Wakwe waliosema kwetu hakuna gari la kumbeba? Hapandi, mjomba."

"Kila ukipinda kulia mtaa mzima utasikia!"

Bibi harusi, Mwanakombo, dada yake Hilali, akakusanya shela lake, akafungua mwenyewe mlango wa gari la Hilali na kuketi.

Hilali akawasha injini. "Basi tutapinda kushoto tu, dada. Hata tukizunguka mji mzima, nitakushusha mlangoni kwao kwa gari letu."