Sikio Lililobaki

Radojko alipoona domo la tarumbeta likimjia usoni, aliziba sikio la kushoto kwa kiganja. Harusi nzima ya binti yake ikaduwaa. Kijijini kwao, baba wa bibi harusi sharti apulizwe tarumbeta sikioni, na yeye mwenyewe aliwapuliza hivyo wakwe wa wilaya nzima kwa miaka na miaka, bila chembe ya huruma.

Katika utumishi huo uliotukuka, mlio kama wa nyenje mmoja ulihamia sikio lake la kulia, hata likaacha kusikia kingine. Mwaka huu nyenje huyo ameleta ukoo. Daktari alimwonya: kelele moja tu zaidi, na la kushoto nalo kwaheri.

“Mzee, umeanza kutuogopa?” mpiga tarumbeta akamtania.

“Mwacheni, sikio limebaki moja!” mke wa Radojko akafoka.

Radojko alilitazama tarumbeta. Lilikuwa lake la zamani. Ukingoni bado lilikuwa na bonyeo, tangu alipoangukia sufuria ya kabichi kwenye harusi yake mwenyewe. Lilinuka shaba na mate, harufu ya ujana wake wote.

Akaondoa kiganja.

“Piga ule wimbo niliomchumbia nao huyu mama,” akasema. “Na usipulize kama unapoza supu.”