Jaji Yuko Mjini

Pigo la kwanza la kitako cha bunduki lilimvunja Guo Shaoqing taya. La pili lilimwangusha barazani, akaangukia vikombe viwili vya kahawa vilivyokuwa bado vinafuka moshi.

"Jimbo limepitisha sheria," Dalton Pruett alimfokea, buti lake likiwa mgongoni mwa mzee. "Raia wa China hamiliki ardhi hapa. Siku zako tisini za kuuza na kuondoka ziliisha jana. Unangoja nini?"

Guo alijaribu kujibu. Ilitoka damu, na jino.

Miaka kumi na mmoja alikuwa amelima shamba hilo, yeye na akina Pruett wakitenganishwa na uzio wa waya tu.

"Mwache bwana," alisema Wade, rafiki yake Dalton, dumu la petroli mkononi. "Redioni wanasema jaji wa shirikisho anaweza kuifuta. Eti mambo ya wageni ni ya Washington, jimbo halina mamlaka."

"Jaji yuko mjini. Hapa tuko sisi. Lete hilo dumu."

Guo akaanza kutambaa. Hakuelekea barabarani. Alielekea kwenye banda la nyasi, akikwaruza udongo kwa kucha.

Dalton alicheka. "Mwone anavyolilia nyasi zake! Roho inamtoka, bado anawaza mali!"

Akamkanyaga vidole mpaka mifupa ikaalika. Kisha akamwaga petroli kwenye mlango wa banda na kuwasha kiberiti. Nyasi kavu zilishika mara moja. Moto ukapanda hadi kwenye bati.

Guo aliukumbatia mguu wa Dalton, akawa anauvuta kuelekea kwenye moto. Dalton akampiga teke la mbavu. Mzee hakuachia. Akapigwa la pili, la tatu. Hakuachia.

"Dalton, ngoja! Huyu anataka kusema kitu." Wade alipiga magoti, akatega sikio.

Guo alitema damu. Maneno yalimtoka moja moja.

"Amekuja asubuhi... kuniambia jaji ameizuia sheria. Yuko chini ya trekta... ananitengenezea. Masikio yake... hasikii vizuri."

"Nani?" Wade alipiga kelele. "Nani yumo ndani?"

Mzee aliinua mkono wenye vidole vilivyovunjika, akauelekeza kwa Dalton.

"Baba yake."