Joto la Watoto Watano

Asubuhi ile Benedikta alikuwa anaziba dirisha kwa matambara, na jua la Makorora, mjini Tanga, lilishaanza kuchoma mabati.

"Shoga, unataka kutupika?" Mwamvua, mwenye nyumba, alisimama mlangoni akijipepea kwa pindo la khanga.

"Wewe baridi huijui. Kule Lushoto imenilia binti yangu Elizabeti. Ilianza na magoti, ikamalizia moyoni."

Ndiyo maana alimteremsha bintiye mwingine, Yudith, mtoto mzima wala hana kikohozi, akaja naye Tanga kwenye joto. Kristofa, mdogo wao, alibaki na baba yake, Fanueli. Siku hiyo hiyo Benedikta alimpa ujumbe utingo wa basi la Lushoto: mahindi yakishavunwa tu, Fanueli amlete na huyo.

Lakini usiku hata Tanga umande unashuka. Akamwomba Mwamvua, "Niazime wanao walale na Yudith. Wamuweke katikati."

"Watano wote? Chukua, na mimi nipate kulala. Ila Hatibu koo linamuuma, hata uji hamezi."

"Huyo ndiye umlete. Joto la wenzake litamponya."

Wakajipanga kwenye mkeka mmoja kama dagaa. Yudith hakuwa amepata kucheka hivyo tangu dada yake azikwe. Hatibu akapona kweli. Yudith naye koo likamuuma, likaacha. Benedikta akaongeza matambara chini ya mlango.

Wiki zikapita, goti la Yudith likavimba. Likapoa, kikavimba kiwiko. Ikawa akienda uani tu anahema kama aliyetwanga mtama.

Hospitali, daktari Mzungu alimsikiliza kifuani, akarudia tena kumsikiliza.

"Ni baridi, daktari," Benedikta alisema. "Imemfuata."

"Analala na nani?"

Akamweleza, tena kwa kujivunia kidogo: watoto watano ubavuni, dirisha limezibwa, hakuna hata ufa.

Daktari alivua kipimo masikioni. Halafu akasema polepole, "Mama, ugonjwa huu hauletwi na baridi. Unaanzia kooni, mtoto anamwambukiza mwenzake. Kwetu Ulaya unapungua, maana watu siku hizi hawabanani. Sasa nauona huku, kwenye vyumba kama hicho chako."

"Na moyo wake?"

Daktari akamwita muuguzi alete sindano.

Yudith akalazwa. Benedikta alikimbia mpaka stendi, akamshika utingo mkono. "Mwambie Fanueli asimlete Kristofa. Abaki huko huko kwenye baridi."

"Mama Yudith, si wewe uliyesema aletwe?"

"Mwambie. Halafu uniletee jibu lake."

Basi liliporudi, alikuwa wa kwanza kulifikia. Utingo alikuwa juu anafungua magunia.

"Nimebisha hodi sana, mama. Mlango una kufuli. Na shambani yamebaki mabua tu."